Mama alikuwa navyo, mimi ninavyo: je, mwanangu naye atakuwa na virusi vya homa ya ini B?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, na mimba yangu ya kwanza ina wiki 22. Kliniki wamenipima damu wakaniambia nina homa ya ini B, ingawa sijisikii kuumwa hata kidogo. Mama yangu alifariki kwa saratani ya ini. Kaka yangu mkubwa naye alikutwa na virusi hivi alipokwenda kuchangia damu. Mume wangu amepima, hana. Upande wa mume wanasema huu ni ugonjwa wa ukoo, kwamba utawafuata wanangu, wajukuu hadi vitukuu. Ni kweli? Mtoto nitamwambukiza? Nikijifungua nimnyonyeshe au nisimnyonyeshe? Nisaidie, silali.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Pole kwa kufiwa na mama, na pole kwa maneno uliyobebeshwa wakati tayari una mzigo wa kubeba. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Homa ya ini B si ugonjwa wa ukoo. Haimo katika vinasaba, na mtoto haipati kama anavyopata sura au kimo cha wazazi wake. Ni maambukizi ya virusi, na virusi hivi vina saa yao ya kuingia. Kwa familia kama yako, saa hiyo ni ya kujifungua. Ukivizuia hapo, umemkinga mwanao, na umewakinga pia watoto atakaowazaa yeye.

Wakwe zako usiwachukie kwa kudhani walivyodhani, maana hata bingwa aliyevigundua virusi hivi alidhani hivyo hivyo. Baruch Blumberg, daktari wa Marekani, alikuwa akichunguza jinsi damu za watu wa sehemu mbalimbali za dunia zinavyotofautiana. Katika miaka ya 1960 alikuta protini ngeni katika damu ya mtu wa jamii ya wenyeji wa asili wa Australia, akaiita antijeni ya Australia. Kwa kuwa ilionekana kujikusanya katika baadhi ya familia, mwanzoni aliichukulia kuwa ni kitu cha kurithi, mfano wa kundi la damu. Kilichomzindua ni mgonjwa mmoja ambaye alipopimwa mara ya kwanza hakuwa nayo, na alipopimwa tena baadaye akawa nayo. Kitu cha kurithi hakimjii mtu ukubwani namna hiyo. Ikaja kubainika kwamba protini ile ni ganda la virusi vya homa ya ini B, na ndiyo hiyo hiyo ambayo kipimo chako cha kliniki kinaitafuta kwa jina la HBsAg. Blumberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Kwa hiyo walichokiona wakwe zako wamekiona kweli, ila sababu ndiyo siyo. Virusi hivi hupita ndani ya familia kizazi kwa kizazi, kwa namna inayofanana sana na urithi: mama anavyo, watoto wake kadhaa wanavyo, mabinti wakikua na kuzaa, watoto wao nao wanavyo. Siri iko kwenye umri wa kuambukizwa. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda virusi ndani ya miezi sita, na wanaobaki navyo ni chini ya watu 5 katika kila 100. Mtoto akiambukizwa akiwa na umri wa mwaka mmoja hadi mitano, uwezekano wa kubaki navyo hufika theluthi moja hadi nusu. Lakini mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa, watoto 90 kati ya 100 hubaki navyo maisha yao yote.

Virusi vyenyewe haviui chembe za ini. Kinacholiumiza ini ni mapambano ya kinga ya mwili dhidi ya virusi hivyo. Kwa mtoto mchanga mapambano hayo hayaanzi, kwa sababu kinga yake bado haijajua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Hapati homa, macho hayawi ya njano, ananyonya na kukua kama watoto wengine, huku virusi vimeshafanya makazi ndani ya ini. Miaka mingi hupita kimya. Kisha, akiwa na miaka 30 au 40, makovu yanaanza kulikaza ini, au saratani inatokea. Asipofuatiliwa na kutibiwa, karibu mtu mmoja kati ya wanne walioambukizwa utotoni hufa mapema kwa mojawapo ya mambo hayo mawili. (Unjano unaowatokea watoto wengi wachanga katika wiki ya kwanza ni jambo lingine kabisa. Mwanao akiwa na macho ya njano usianze kulia kwamba umemwambukiza. Mpeleke aangaliwe kama mtoto mwingine yeyote, upesi zaidi ikiwa unjano umeanza siku ile ile aliyozaliwa.)

Nadhani sasa unaiona picha ya nyumbani kwenu. Yaelekea mama yako alivipata akiwa mdogo, akakuzaa wewe na kaka yako pasipo mtu yeyote kumwambia chochote. Chanjo ya kwanza ya homa ya ini B iliruhusiwa Marekani mwaka 1981, lakini ni mwaka 2009 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kila mtoto duniani achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa, wewe ukiwa umeshazaliwa zamani. Mama hakukosea. Hakuwa na kitu ambacho wewe unacho leo.

Sasa tuje kwa mtoto aliye tumboni. Pasipo kinga yoyote, hatari yake inategemea wingi wa virusi katika damu yako. Kuna kipimo kinaitwa HBeAg, kinachoonyesha kama virusi vinazaana kwa kasi. Mama ambaye kipimo hicho kinasoma chanya humwambukiza mtoto mara 70 hadi 90 katika 100. Kikisoma hasi, ni mara 10 hadi 40. Tarakimu hizo zisikutishe, maana ni za mtoto aliyeachwa bila kinga, na wako hataachwa.

Wakati wote wa mimba, kondo la nyuma huvizuia virusi kwa sehemu kubwa sana. Maambukizi mengi hutokea uchungu unapoanza na mtoto anapopita, pale damu na majimaji ya mama vinapomgusa kwenye macho, mdomo na michubuko midogo. Ndiyo maana chanjo inayotolewa baada ya kuzaliwa bado inaokoa. Watu huniuliza: chanjo itasaidiaje wakati virusi vimeshaingia? Ninawakumbusha mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Naye huchanjwa baada ya kuumwa, kwa sababu virusi vinatembea polepole na kinga inaweza kufika kabla yao. Virusi vya homa ya ini B huchukua wiki kadhaa hadi miezi kujijenga mwilini. Chanjo ikitangulia kuufundisha mwili wa mtoto, virusi vitakuta ini lina mlinzi. Lakini mbio hizo zina saa ya kuanza, na kila saa unayochelewa unavipa virusi nafasi ya kutangulia.

Uko wiki ya 22, una muda wa kutosha kupanga bila haraka. Rudi kliniki uombe vipimo hivi: wingi wa virusi katika damu au, kama hakipo, HBeAg, vimeng'enya vya ini, utendaji wa figo, na VVU kama hujapimwa, kwa sababu dawa nitakayoitaja hapa ni miongoni mwa dawa za VVU pia, na mwenye VVU hapewi hiyo peke yake. Wingi wa virusi ukifika 200,000 kwa kipimo cha yuniti za kimataifa katika mililita moja, au HBeAg ikiwa chanya, utapewa tenofoviri, kidonge kimoja kila siku. Kazi yake ni kuvipunguza virusi kabla ya siku ya uchungu, ili mtoto apite penye virusi vichache. Ni dawa iliyotumiwa na wajawazito wengi sana, na haina madhara yanayojulikana kwa mtoto tumboni. Katika utafiti mmoja wa China uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu wajawazito 200 wenye virusi vingi mno, watoto wote walichanjwa na kupewa sindano ya kingamwili, yaani askari wa kinga walio tayari. Kati ya waliofuatwa hadi mwisho, ambao mama zao walimeza tenofoviri hakuambukizwa hata mmoja. Ambao mama zao hawakumeza, waliambukizwa 7 katika 100.

Hapa kuna jambo linalokuhusu wewe mwenyewe, na sitaki likupite kwa sababu akili yako yote iko kwa mtoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unasema kwamba mtu mwenye homa ya ini B ambaye ndugu yake wa damu alipata saratani ya ini anastahili kutibiwa hata kama virusi vyake si vingi na vimeng'enya vyake ni vya kawaida. Wewe uko humo. Mwambie daktari wako waziwazi kwamba mama alifariki kwa saratani ya ini, maana wasipokuuliza hawatajua. Kama ni hivyo, vidonge utakavyoanza kwa ajili ya mtoto huenda usiviache baada ya kujifungua. Utaviendeleza kwa ajili yako. Usiviache kamwe kwa uamuzi wako, kwa sababu virusi vikifunguliwa ghafla vinaweza kuliamsha ini vibaya, hasa katika miezi ya kwanza baada ya uzazi. Na uwe unapimwa ini kwa ultrasaundi kila baada ya miezi sita. Dawa za kienyeji za "kusafisha ini" ziache kabisa. Baadhi yake ndizo zinazoliumiza.

Tufike sasa kwenye siku yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa mambo mengi huharibikia hapa. Mtoto achanjwe homa ya ini B haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Hii ni dozi ya peke yake, tofauti na zile za wiki ya sita na kuendelea. Wengi huchanganya: mama anaambiwa "mtoto atapata chanjo ya ini akifika wiki sita", na ni kweli ataipata, lakini kwa mtoto wa mama mwenye virusi, wiki sita ni kuchelewa sana. Hata leo, duniani kote, watoto wanaopata dozi hii ya kuzaliwa hawafiki nusu, ingawa dozi tatu za baadaye huwafikia wengi zaidi. Pengo hilo hunisikitisha kuliko jambo lolote katika kazi hii, kwa sababu chanjo ipo na inajulikana, na mtoto anaikosa ndani ya jengo lile lile ilimohifadhiwa.

Nimeshuhudia mtoto aliyezaliwa Ijumaa jioni akachanjwa Jumatatu mchana. Mama yake alikuwa amepimwa na kadi imeandikwa vizuri. Lakini jokofu la chanjo lilikuwa upande wa kliniki ya watoto, kliniki ilikuwa imefungwa mwisho wa wiki, na wodi ya wazazi hakuna aliyekuwa na ufunguo. Mahali pengine muuguzi anasita kufungua chupa ya dozi kumi kwa ajili ya mtoto mmoja, akihofia zilizobaki zitaharibika. Hofu hiyo haina msingi kwa chanjo hii. Chupa iliyofunguliwa, ikihifadhiwa kwa joto sahihi na kwa usafi, inaweza kutumika hadi siku 28. Kinachoiharibu upesi ni kugandishwa.

Kwa hiyo usisubiri siku ya uchungu ndipo uulize. Ukifika mwezi wa nane, nenda unakotarajia kujifungulia ukaulize: chanjo ya homa ya ini ya kuzaliwa mnayo? Iko wapi? Nikijifungua usiku au Jumapili, nani anaitoa? Hakikisha kadi yako ya kliniki imeandikwa HBsAg chanya mahali panapoonekana. Mume wako ayajue yote haya kwa moyo, kwa sababu saa hiyo wewe utakuwa umechoka na huenda umelala. Ukijifungulia nyumbani kwa dharura, mtoto apelekwe akachanjwe siku hiyo hiyo. Na ikitokea saa 24 zimepita, usiseme basi tena. Apewe hata siku ya pili, ya tano au ya saba. Itasaidia kidogo, na ni afadhali kuliko kutopata kabisa.

Pamoja na chanjo, kama hospitali ina sindano ya kingamwili za homa ya ini B, mtoto achomwe paja la pili, nayo ndani ya saa hizo hizo. Chanjo huufundisha mwili utengeneze kingamwili zake. Sindano hii huleta kingamwili zilizo tayari, zikashike zamu wakati mwili wa mtoto unajifunza. Viwili hivi kwa pamoja huzuia maambukizi kwa kiwango cha asilimia 85 hadi 95, na ukiongeza tenofoviri kwa mama mwenye virusi vingi, kinachobaki ni kidogo mno. Mahali ambapo kingamwili hazipatikani, tenofoviri na chanjo ya mapema ndizo za kushikilia kwa nguvu zote. Upasuaji wa kujifungua hauhitajiki kwa sababu ya virusi hivi. Ukifanyiwa, uwe na sababu nyingine.

Mtoto akizaliwa na uzito chini ya kilo mbili, achanjwe vilevile, ila dozi hiyo isihesabiwe. Atahitaji nyingine tatu. Mtoto wa uzito wa kawaida atamalizia katika chanjo ya pentavalenti wiki ya 6, 10 na 14, ile inayokinga pia dondakoo, kifaduro, pepopunda na bakteria wa Hib. Asikose hata moja. Chanjo yenyewe haina virusi ndani yake, hai wala vilivyokufa. Ni ile protini ya ganda tu, inayotengenezwa siku hizi na chembe za hamira zilizofundishwa kuitoa, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtu.

Mnyonyeshe, mara tu anapozaliwa. Usisubiri chanjo ndipo umpe titi, na tenofoviri haikuzuii. Maziwa ya mama hayajaonekana kuongeza maambukizi kwa mtoto aliyechanjwa. Chuchu zikipasuka na kutoa damu, litunze titi hilo na umpe la pili hadi lipone. Mbebe, mbusu, lala naye, mle chombo kimoja. Virusi hivi haviambukizwi kwa mambo hayo. Vinapita kwa damu na majimaji ya mwili, na vinaweza kuishi nje ya mwili angalau siku saba, hata kwenye doa la damu lililokauka. Kwa hiyo wembe, mswaki, kikatia kucha na sindano ya kutoboa masikio kila mtu awe na chake. Damu ikidondoka, ifutwe kwa dawa ya klorini.

Baada ya hapo kuna kipimo ambacho wengi hukisahau. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, na si kabla ya mtoto kufikisha miezi tisa, apimwe HBsAg na kingamwili. Ukimpima mapema, huenda ukaona kingamwili za ile sindano tu, ufurahi bure. Unachotaka kukiona ni HBsAg hasi na kingamwili za kufika 10 au zaidi kwa kipimo cha maabara (mIU/mL). Ikiwa HBsAg ni hasi lakini kingamwili ni chache, atarudia chanjo. Ikiwa HBsAg ni chanya, na hutokea kwa wachache, ataanza kufuatiliwa na daktari wa watoto; ataenda shule na kucheza kama wenzake, na dawa zipo kwa siku atakapozihitaji.

Na wajukuu? Hapa sijibu kwa kukisia, kwa sababu yameshatokea. Taiwan ilikuwa na virusi hivi kwa wingi mno, karibu mtoto mmoja kati ya kumi alikuwa navyo. Mwaka 1984 walianza kuchanja watoto wa mama wenye virusi, na kuanzia 1986 wakachanja watoto wote. Ndani ya miaka kumi tu, saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilishuka karibu nusu, kutoka watoto 0.70 hadi 0.36 katika kila 100,000. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuonekana chanjo ikizuia saratani kwa binadamu. Kisha wale mabinti waliochanjwa wakakua, wakashika mimba, wakapimwa kliniki kama ulivyopimwa wewe. Wanaokutwa na HBsAg miongoni mwao ni wachache sana kuliko mama zao. Waliobaki hawana virusi vya kumpa mtoto. Mwanao akisoma hasi na akawa na kingamwili, akizaa atakuwa kama mwanamke au mwanamume mwingine yeyote asiye na virusi, na watoto wake watachanjwa kama wanavyochanjwa watoto wote.

Mume wako hana virusi, basi achanjwe dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Mpaka akamilishe, tumieni kondomu. Kaka yako aanze kufuatiliwa kwa sababu zile zile nilizokutajia wewe. Mkewe na watoto wake wapimwe, wasio navyo wachanjwe. Kama una wadogo wa tumbo moja ambao hawajawahi kupima, wapigie simu leo, hasa wa kike, wasingoje kupimwa wakiwa tayari wajawazito kama ilivyokuwa kwako.

Majibu ya wingi wa virusi na ya figo yakitoka, niandikie tena unitajie tarakimu zilivyo na wiki ya mimba uliyofika, nikueleze zina maana gani kwako.